Si kila nondo wa kahawia ni kiwavijeshi vamizi

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni kuhusu picha iliyochapishwa hivi karibuni katika ukurasa wa kilimo wa gazeti lako, iliyomwonyesha nondo wa rangi ya kahawia aliyenaswa kwa mtego wa taa katika bustani ya msomaji mmoja wa Kisauni. Maelezo chini ya picha yalisema bila kusita kwamba huyo ni nondo wa kiwavijeshi vamizi, mdudu ambaye viwavi wake huharibu mahindi, na aya iliyofuata ikawashauri wenye bustani hapa Mombasa wanyunyizie dawa mahindi, nyanya na mchicha mara tu waonapo nondo wa namna hiyo wakizunguka taa za nyumba zao. Sina ugomvi na msomaji aliyetuma picha. Mtu anayetega taa bustanini, akaamka alfajiri kutazama kilichoingia, anafanya kazi ya kusifiwa, na laiti wangekuwa wengi mjini humu. Ninachokipinga ni jina kutolewa kwa uhakika ambao picha ile haikuwa na msingi wa kuutoa, kisha ushauri wa dawa kujengwa juu ya jina hilo.

Nondo wa pichani alikuwa ametulia juu ya trei ya mayai, mabawa ya mbele yameteremka juu ya mgongo mithili ya paa la makuti, na hakuna kingine kilichoonekana ila kichwa na ncha ya kipapasio kimoja. Kwenye bawa mtu aliweza kuona madoa mawili yaliyofifia, moja la mviringo na jingine lenye umbo la figo, pamoja na mistari iliyopindapinda karibu na pindo. Alama hizo si za kiwavijeshi vamizi peke yake. Utazikuta kwa nondo wengi mno wa familia ya Noctuidae, ambayo ina maelfu ya spishi duniani. Na hata tukibaki ndani ya jenasi moja tu ya Spodoptera, yaani kundi moja la spishi zenye undugu wa karibu, hapa Afrika Mashariki tunaye kiwavijeshi wetu wa tangu zamani, Spodoptera exempta, tunaye Spodoptera littoralis anayeshambulia pamba na mboga, tunaye Spodoptera exigua aliye mdogo kuliko wenzake, na tangu mwaka 2017, alipothibitishwa kuwapo nchini Kenya, tunaye pia Spodoptera frugiperda kutoka bara la Amerika, ambaye ndiye kiwavijeshi vamizi mwenyewe.

Dume wa frugiperda hutambulika bila taabu kubwa akiwa bado mpya. Karibu na ncha ya bawa la mbele ana baka jeupe, na lile doa la mviringo kwake limerefuka kidogo, limelala kimshazari na lina rangi ya kaki. Jike hana mapambo hayo. Bawa lake ni la kijivu kinachoelekea kahawia, na alama zake ni hafifu kiasi kwamba ukimweka kando ya jike wa spishi nyingine ya jenasi hiyohiyo, hata mtu mwenye uzoefu atataka kuwageuza na kuwatazama upande wa pili kabla ya kutamka neno. Nondo wa pichani hakuwa na baka jeupe. Basi huenda ni jike wa frugiperda, huenda ni spishi nyingine kabisa, au huenda ni dume ambaye magamba yake yamepukutika kwa kujipigapiga usiku kucha ndani ya ndoo ya mtego. Rangi yote ya nondo imo katika magamba hayo, na yakishatoka hubaki utando usio na habari ya kutosha.

Kuna watakaosema kwamba huku ni kupekua mambo madogo, kwa kuwa wote ni viwavijeshi na wote ni waharibifu. Hapo ndipo penye kosa. Viwavi wa exempta hula nyasi na mazao ya jamii ya nyasi, kama vile mahindi, mtama, mpunga na malisho ya ng'ombe. Mchicha na nyanya za jirani hawana haja nazo. Viwavi wa littoralis hula mimea ya aina nyingi sana, mboga zikiwamo. Wa frugiperda wanaweza kuishi katika mimea mingi, lakini katika mashamba yetu kipenzi chao ni mahindi. Mwenye tuta la mchicha kule Mtongwe ambaye amenyunyizia dawa kwa sababu ya nondo wa exempta aliyepita njia ametumia fedha zake bure, amewaua buibui na nyigu wadogo waliokuwa wakimsaidia, na mboga anayowapikia watoto wake ameitia sumu isiyokuwa na kazi.

Ugumu wa kuwatenganisha nondo hawa haukuanza leo, wala si kwa wapenzi wa bustani tu. Spodoptera littoralis wa Afrika na Spodoptera litura wa Asia wamefanana hivi kwamba hadi miaka ya 1960 vitabu vingi vilivihesabu viumbe hivi viwili kuwa spishi moja, na mpaka sasa mabawa peke yake hayatoshi kuwatenganisha. Lazima kutazama viungo vya uzazi kwa hadubini, au kupima jeni. Ndiyo maana miongozo ya zamani ya kilimo cha pamba Afrika Mashariki inamtaja Prodenia litura, jina la zamani la Spodoptera litura, ilhali aliyekuwa akila pamba ile ni littoralis. Mtu akichukua jina hilo la zamani leo na kulinakili bila kujua historia yake, atakuwa ameleta nchini, kwa kalamu tu, mdudu wa Asia ambaye hakumwona.

Programu za simu zinazotaja jina la mdudu kutokana na picha zimeongeza tatizo hili, ingawa nazitumia na sizidharau. Zimefunzwa zaidi kwa picha za Ulaya na Marekani, ambako wapigaji picha ni wengi, kwa hiyo zikionyeshwa nondo wa Likoni huelekea kumpa jina la nondo anayefanana naye wa huko. Jawabu la programu lichukuliwe kuwa dokezo la mahali pa kuanzia kutafuta. Linafaa kutufikisha kwenye familia, mara nyingi kwenye jenasi. Kutoka hapo kwenda kwenye spishi, mwenye nondo afanye kazi mwenyewe.

Kazi hiyo aghalabu huanza kwenye bawa la nyuma, ambalo nondo akitulia hulificha. Njia ninayoipendekeza ni kumtia nondo kwenye kichupa, kichupa kikawekwa ndani ya friji kwa dakika chache mpaka apoe na kutulia, kisha kwa ncha ya brashi ndogo ya rangi bawa la mbele likasukumwa taratibu kwenda mbele. Hapo nondo wawili walioonekana pacha hutengana mara moja. Mfano mzuri ni nondo wakubwa wanaotoboa matunda, wa jenasi ya Eudocima, ambao mwenye mwembe, mpera au mchungwa Mombasa ana haki ya kuwachukia, kwa maana hao huharibu wakiwa wamekwisha kuota mabawa: mdomo wao mrefu una ncha ngumu yenye meno, hulitoboa tunda linaloiva, na pale palipotobolewa huoza. Wakikunja mabawa hufanana na jani kavu, na si rahisi kumjua huyu ni yupi. Lisogeze bawa, na chini yake litatokea bawa la nyuma lenye rangi ya chungwa kali. Likiwa na doa jeusi la duara, huyo ni Eudocima materna. Likiwa na alama nyeusi nene iliyopinda, huyo ni Eudocima phalonia. Vivyo hivyo kwa Helicoverpa armigera, ambaye viwavi wake huingia ndani ya nyanya na maganda ya mbaazi: bawa lake la nyuma ni la rangi hafifu lenye ukingo mpana mweusi, na ndani ya weusi huo mna baka jeupe. Huyo pia ni nondo wa kahawia anayekuja taani, na kwa bawa la mbele peke yake wengi wamemwita kiwavijeshi.

Wapo hata hivyo ambao bawa la nyuma nalo halisaidii, na hao ndio wanaotuhusu zaidi sisi watu wa pwani. Funza wa mabua anayeitwa Chilo partellus alitoka Asia, akaonekana Malawi katika miaka ya 1930, akaenea Afrika Mashariki, na akafika katika mashamba ya mahindi ya ukanda wetu. Hapa alimkuta mwenyeji, Chilo orichalcociliellus, nondo mdogo wa rangi ya majani makavu ambaye makazi yake ni nyanda za chini za pwani. Hao wawili wakiwa juu ya shuka jeupe chini ya taa, wote wana midomo iliyochomoza mbele ya kichwa na mabawa membamba yenye vitone vyeusi pindoni. Mwenyeji ana manyoya ya pindo yenye mng'ao wa dhahabu, na mng'ao huo ukionekana vizuri ni dalili nzuri. Lakini ndio wa kwanza kutoka nondo akisuguana na wenzake mtegoni, na uthibitisho wa kutegemewa umo katika viungo vya uzazi, ambavyo hupatikana kwa kuikata ncha ya tumbo, kuipasha moto katika maji yenye hidroksidi ya potasiamu mpaka nyama ilainike, na kuisafisha chini ya hadubini kwa sindano nyembamba.

Matokeo ya uvumilivu huo ni kwamba leo tunajua kuwa mgeni amemsukuma mwenyeji na kuchukua nafasi yake katika sehemu kubwa ya mashamba ya pwani. Watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu chenye makao Nairobi, walileta kutoka Asia nyigu mdogo, Cotesia flavipes, anayetaga mayai ndani ya mwili wa funza hao, na mwaka 1993 wakaanza kumwachilia hapa hapa pwani ya Kenya. Nyigu huyo hustawi ndani ya Chilo partellus, ila ndani ya Busseola fusca, funza wa mabua wa nyanda za juu, mayai yake huzingirwa na chembe za damu ya funza na kufa. Naye flavipes ana ndugu yake mwenyeji, Cotesia sesamiae, ambaye kumtofautisha naye ni kibarua kingine cha hadubini. Kama wote waliohusika wangeridhika kuandika "funza wa mabua" na kwenda zao, hakuna mtu angejua nani amepungua, nani ameongezeka, wala kama nyigu aliyeletwa alipewa funza anayemfaa.

Nimesikia pia hoja kwamba afadhali kuachana na taa na kutumia mitego yenye harufu ya jike, kwa kuwa hiyo humwita dume wa spishi moja tu. Ni kweli kwamba huchagua zaidi kuliko taa, ambayo huwakusanya wote pamoja na kumbikumbi na mende. Lakini nayo haichagui kikamilifu: mitego ya harufu iliyokusudiwa kunasa kiwavijeshi vamizi imekutwa Afrika Magharibi ikimnasa kwa wingi Leucania loreyi, nondo mwingine wa rangi ya majani makavu, na asiyetazama huwahesabu wote pamoja kisha akatangaza mlipuko. Mtego wowote ule, kazi ya macho haikwepeki. Wale waliokuwa wakiendesha mitego ya taa ya kutabiri viwavijeshi katika Afrika Mashariki miaka ya 1960, kazi ikiratibiwa kutoka kituo cha utafiti cha Muguga karibu na Nairobi, walilazimika kuchambua rundo zima kila asubuhi ili kumtoa exempta katikati ya wengine, na utabiri wao ulikuwa na thamani kwa kadiri uchambuzi huo ulivyokuwa sahihi.

Ombi langu kwa wenye mitego ya bustanini, na kwa wahariri wanaopokea picha zao, ni kwamba pale ambapo jina la spishi halijathibitishwa, liandikwe jina la jenasi peke yake, na nondo mwenyewe ahifadhiwe. "Spodoptera, spishi haijathibitishwa, Kisauni, taa ya bustani, usiku wa tarehe fulani" ni kumbukumbu nzuri. Mtu mwingine anaweza kuichukua baada ya miaka, akamtazama nondo yule yule na kuikamilisha. Jina kamili lililobuniwa halina mtu wa kulisahihisha, kwa sababu kila anayelisoma hudhani kazi imekwisha.

Kuhifadhi nondo katika hewa ya Mombasa kuna mitihani yake. Kabla ya yote, mtego ufunguliwe kabla ya mapambazuko, kwani kunguru wa mji huu hujifunza upesi sana palipo na kifungua kinywa cha bure, na mijusi kafiri huwa wameshafika kabla yao. Nondo anayetakiwa kwa uchunguzi awekwe kwenye friza, kisha akaushwe na kutiwa katika bahasha ndogo ya karatasi iliyokunjwa pembetatu, juu yake pakaandikwa mahali, tarehe na aina ya taa kwa kalamu ya risasi, kwa sababu wino huenea karatasi ikipata unyevu. Bahasha zikae katika kopo linalofunga barabara, pamoja na vifuko vya chembe za kunyonya unyevu kama vile vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu; bila hivyo, msimu wa mvua kuvu itamfunika. Kopo hilo liwe mbali na sisimizi. Sisimizi wakimpata nondo mkavu huanza na tumbo na kuacha mabawa, na tumbo ndilo lenye viungo ambavyo mtaalamu angevihitaji.

Kwa upande wa mkulima, naomba ijulikane kwamba taa inatuambia nani ameruka usiku huo, haituambii nani anakula nini shambani. Nondo wa kiwavijeshi vamizi anaweza kusafiri zaidi ya kilomita 100 kwa usiku mmoja akisaidiwa na upepo, na exempta naye ni msafiri wa masafa marefu. Aliyenaswa Tudor huenda hakutaga yai hata moja kisiwani. Anayetaka kujua kama ana sababu ya kutumia dawa aende kwenye mimea, afunue kiini cha mmea wa mahindi, na amtafute kiwavi. Bahati njema, hapo utambuzi ni rahisi kuliko kwa nondo: kiwavi wa frugiperda aliyekua ana alama nyeupe usoni kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mwisho wa mwili ana madoa manne meusi yaliyopangika katika pembe za mraba. Alama hizo mbili zikionekana pamoja, hakuna haja ya hadubini, na ofisa wa kilimo akipigiwa simu atakuwa na jambo la kushughulikia.

Sisemi haya ili kuwavunja moyo wenye mitego. Mombasa ni bandari, na makasha yanayoshushwa Kilindini hutoka kila pembe ya dunia, hivyo hatuwezi kumkataa nondo kwa hoja tu kwamba spishi yake haiishi Afrika. Wakaguzi wa KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, wana kazi ya kuzuia wadudu wa mimea wasiingie, lakini hawawezi kuwa katika kila ua la Changamwe na Mikindani, na mtu mwenye ndoo, faneli na taa ya rangi ya zambarau anaweza kuwa wa kwanza kumwona mgeni. Taarifa yake itachukuliwa kwa uzito iwapo nondo mwenyewe yupo kwenye bahasha, na iwapo gazeti halijachapisha mara nyingi mno kabla ya hapo habari za wageni ambao hawakuwapo.

Kwa hiyo, Mhariri, naomba picha kama ile zikiletwa tena, ziambatane na picha ya pili inayoonyesha bawa la nyuma, pamoja na mahali, tarehe na aina ya taa iliyotumika, na ushauri wa dawa usitolewe mpaka kiwavi ameonekana kwenye mmea. Kuhusu nondo wa Kisauni, kama msomaji bado amemhifadhi, sehemu ya wadudu ya Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi ina mkusanyiko wa kumlinganisha naye, na kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kilichoko Mtwapa kiko karibu naye zaidi. Nashauri amtume pamoja na tumbo lake.

Wako mwaminifu,
Mwenye bustani,
Tudor, Mombasa